Flashi Ikikataa Kufomatiwa, Tuulize Kwanza Kilichomo Ndani

Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa viongozi wa vikundi na wananchi, yaliyotolewa katika Ofisi ya Kata

  

Nimepewa nafasi nizungumze juu ya kitu kidogo kisichozidi urefu wa kidole, ambacho katika vikundi vyetu hubeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. Kitu hicho ni flashi. Humo tunaweka nyimbo za kwaya na kaswida, picha za harusi na video za misiba. Humo humo, siku hizi, tunaweka katiba za vikundi, orodha za wanachama, mihtasari ya vikao na hesabu za hisa. Leo naomba tuongee juu ya siku ambayo kifaa hicho kinagoma, na hasa siku kinapokataa kufomatiwa.

Miezi michache iliyopita, Ijumaa alasiri, alinijia ofisini mama mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha wanawake. Jumatatu iliyofuata kikundi chake kilitakiwa kuwasilisha nyaraka za maombi ya mkopo. Ninyi nyote mnaifahamu mikopo hiyo isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama yule aliniwekea flashi mezani, akasema, "Mwanangu, nimeambiwa wewe unazijua kompyuta. Hii imegoma kufomatiwa. Nisaidie ikubali."

Nikamuuliza, "Mama, ndani yake mna nini?"

Akajibu, "Kila kitu cha kikundi."

"Na nakala nyingine iko wapi?"

Hakujibu.

Alikuwa ameipeleka steshenari ili achapishe muhtasari mpya. Flashi ikakataa kupokea marekebisho. Kijana wa pale akamwambia kuwa inaumwa na dawa yake ni kuifomati. Akajaribu mara tatu, ikakataa mara tatu. Mama alidhani kufomati ni kama kusugua sufuria: uchafu unatoka, sufuria inabaki. Hakuambiwa kwamba wali uliomo nao hutoka. Laiti flashi ile ingekubali, miaka mitatu ya kumbukumbu za kikundi ingeondoka kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Nimwombee radhi kijana yule, kwa maana kosa hilo nami nimelifanya. Nilipokuwa mgeni kazini, nilichomeka flashi yenye picha za uzinduzi wa darasa. Kompyuta ikaniuliza iwapo nataka kuifomati, nami nikakubali kama mtu anayeitikia salamu. Ikamaliza kwa sekunde chache. Kisha, kwa kutojua, nikaijaza picha nyingine juu yake. Picha za wazazi waliochanga matofali ya darasa lile hazikupatikana tena. Kwa hiyo ninayoyasema leo sikuyapata darasani peke yake.

Ndugu wananchi, kwa nini flashi hukataa kufomatiwa? Sababu ni kadhaa, na kila moja ina dawa yake.

Sababu ya kwanza ni nyepesi. Baadhi ya flashi, na memori kadi nyingi za kamera, zina swichi ndogo ubavuni ya kuzuia kuandikwa. Ikisukumwa kwa bahati mbaya, kompyuta husema kifaa kimekingwa. Irudisheni tu.

Sababu ya pili ni kwamba kuna programu inayoitumia flashi kwa wakati huo. Huenda waraka uko wazi, au wimbo unapigwa kutoka humo. Fungeni kila kitu, izimeni kompyuta na kuiwasha upya, kisha mjaribu tena.

Sababu ya tatu ni mpangilio wa mafaili ulioharibika, mara nyingi kwa sababu ya kuchomoa flashi wakati bado inaandikwa, au umeme kukatika katikati ya kazi. Hapo ndipo kompyuta huuliza kama tunataka kuifomati, na tukikubali, wakati mwingine hushindwa kumaliza.

Sababu ya nne ni virusi. Virusi vingine huyaficha mafolda na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Mwenye flashi huona vitu visivyofunguka, akakata tamaa na kutaka kufomati. Mara nyingi mafaili yake bado yamo, yamefichwa tu. Ichunguzeni kwanza kwa programu ya kuondoa virusi, kisha mwambieni mhudumu aionyeshe kompyuta mafaili yaliyofichwa.

Sababu ya tano ni flashi ya uongo. Zipo zinazouzwa kwa bei ya kutupa huku zimeandikwa ujazo mkubwa ajabu, ilhali ndani zina sehemu ndogo tu ya ujazo huo. Kompyuta huusadiki uongo huo hadi mafaili yapite uwezo halisi. Baada ya hapo yanayoongezwa huharibika au hupotea. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi tupu na kuonyesha ujazo wake wa kweli. Anayenunua flashi kwa ajili ya kikundi na aipime kabla ya kuiamini.

Sababu ya sita ndiyo iliyomfika mama yule, na ndiyo ninayotaka tuielewe vizuri. Ndani ya flashi hakuna sahani inayozunguka. Mna vyumba vidogo sana vinavyotunza chaji ya umeme, na kila chumba huvumilia kufutwa na kuandikwa upya mara zenye kikomo, kuanzia mamia hadi maelfu kadhaa kulingana na aina yake. Kuna pia kidhibiti kidogo, mfano wa msimamizi wa ghala, anayehamisha mzigo kutoka vyumba vilivyochoka kwenda vyumba vya akiba. Akiba ikiisha, au hitilafu ikizidi, vidhibiti vingi huifunga flashi: isomeke, lakini isiandikwe tena. Kufomati ni kuandika. Ndiyo maana hukataa.

Kukataa huko, ndugu zangu, mara nyingi ni onyo la mwisho. Flashi inatuambia: chukueni chenu mapema, mimi nimefika mwisho. Nasi, badala ya kuchukua, tunashindana nayo ili itii.

Basi tufanyeje? Naomba tufuate utaratibu huu, hatua kwa hatua.

Kwanza, tusikubali kufomati. Kompyuta ikiuliza, tukatae. Tujaribu kufungua mafaili, na yakifunguka tuyanakili yote kwenye kompyuta kabla ya jambo lingine lolote. Kisha tufungue nakala chache tuone kama ni nzima. Kwa mama yule kazi hii ilichukua dakika chache, kwa kuwa nyaraka ni nyepesi kuliko video.

Pili, mafaili yasipofunguka, tusiandike kitu chochote humo. Tuichomeke flashi kwenye tundu jingine, moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kiunganishi, kisha tujaribu kompyuta nyingine. Ikishindikana, ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec, inayosoma flashi na kuokota picha na nyaraka zilizosalia. Inavyookota tuvihifadhi mahali pengine, kamwe si kwenye flashi ileile. Hata flashi iliyofomatiwa kwa njia ya haraka huweza kurudisha baadhi ya vitu, maadamu hakijaandikwa kitu kipya juu yake. Nami laiti ningelijua hilo siku ile!

Tatu, tukishapata nakala, au tukishajiridhisha kwamba ndani hamna cha kuokoa, ndipo tujaribu kufomati. Katika Windows, bofyeni flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, mchague kufomati. Kama itapigwa kwenye redio au sabufa, mara nyingi hudaiwa mpangilio wa FAT32. Kumbukeni kuwa FAT32 haipokei faili moja lifikalo GB 4, na kwamba kwa miaka mingi dirisha hilo la Windows halikuwa likitoa FAT32 kwa flashi inayozidi GB 32. Kwa flashi kubwa ya nyaraka na video, chagueni exFAT.

Nne, ikikataa bado, ipo programu ya amri iliyomo ndani ya Windows yenyewe, iitwayo diskpart. Huandikwa "list disk" ili kuorodhesha diski zote; kisha "select disk" pamoja na namba ya flashi; kisha "attributes disk clear readonly" ili kuondoa kinga; kisha "clean" ili kufuta mpangilio wa zamani; kisha "create partition primary"; na mwisho "format fs=exfat quick". Hapa nawasihi mno: namba ikikosewa, amri ya "clean" inaweza kufuta mpangilio wa diski nyingine, wala haitauliza mara ya pili. Chomoeni kwanza flashi nyingine zote, mhakikishe namba kwa kutazama ujazo. Asiyejiamini amwachie mwenye uzoefu, lakini akae pembeni aone.

Tano, amri hizo zikileta ujumbe wa hitilafu ya kifaa, au kinga ikiondolewa na flashi ikaendelea kukataa, basi imejifunga na kazi imekwisha. Msimlipe mtu fedha ya kuilazimisha. Hata ikikubali kwa siku moja, haifai kuaminiwa tena na hesabu za watu.

Hapo linakuja jambo ambalo wengi hatulifikirii. Flashi iliyojifunga haikubali kufomatiwa, na kwa sababu hiyohiyo haikubali kufutwa. Majina ya wanachama, namba za simu, namba za NIDA na kiasi cha akiba ya kila mtu vinabaki humo, na yeyote atakayeiokota ataweza kuvisoma. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini hata kabla ya sheria, ni amana ya wenzetu. Flashi ya namna hiyo isitupwe jalalani ikiwa nzima, wala wasipewe watoto wachezee. Ivunjwe kwa nyundo hadi kile kipande cheusi cha ndani kipasuke. Isichomwe moto, kwa maana moshi wake ni sumu. Vivyo hivyo, tunapoipeleka kwa fundi ikiwa bado na taarifa, tusiiache kwake na kuondoka.

Ndugu viongozi wa vikundi, naomba nihitimishe kwa ombi moja. Flashi ni chombo cha kusafirishia, haifai kuwa ghala pekee. Hata ikikaa kabatini bila kuguswa, ile chaji iliyo ndani yake hupungua polepole kadiri miaka inavyopita. Kwa hiyo kila kikundi kiwe na nakala tatu za kumbukumbu zake. Moja iwe kwenye kompyuta au simu ya kiongozi mmoja. Ya pili iwe kwenye flashi inayotunzwa na kiongozi mwingine, katika nyumba nyingine. Ya tatu iwe ya karatasi, iliyosainiwa na kupigwa mhuri, ndani ya faili la kikundi. Na katika muhtasari wa kikao kijacho iandikwe nani anatunza ipi, ili katibu akiugua au akihama, kumbukumbu za kikundi zisiondoke naye.

Mnaweza kuuliza yule mama aliishia wapi. Jumapili jioni alikaa na mhasibu wa kikundi wakaupitia kila waraka tulioutoa. Walikuta orodha moja ya wanachama ilikuwa ya zamani, kwa sababu marekebisho ya mwisho ndiyo yaliyokataliwa na flashi. Wakaiandika upya kwa kutumia daftari la mkono, ambalo kwa bahati njema mhasibu hakulitupa waliponunua flashi. Jumatatu asubuhi nyaraka zilikuwa mezani kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Mkopo una vigezo vyake na kamati zake, nami sina sauti humo; ninachojua ni kwamba maombi ya akina mama wale yalifika yakasomwa.

Leo mkirudi majumbani, naomba kila mmoja aichukue flashi ya kikundi chake na kujiuliza swali nililomuuliza mama yule: nakala nyingine iko wapi? Asiyekuwa na jibu, alitafute wiki hii, wakati flashi bado inafunguka.