Kabla ya Makofi

Leo naomba tuzungumze habari za mafanikio na uongozi, na tuzizungumze kwa kuwataja watu wa huku kwetu Mbulu na Hanang.

Vijana wetu wengi wakimaliza shule au chuo wanakwenda kwenye semina za kujitambua. Wanaambiwa waandike ndoto zao kwenye karatasi, waibandike ukutani, waisome kila asubuhi. Wanasimuliwa habari za matajiri wa Marekani walioanza na mtaji mdogo. Sina ugomvi na ndoto, maana asiyetamani kitu hainuki. Linaloniuma ni kuona kijana wa Mbulu anatoka kwenye semina ya namna hiyo akiwa na daftari limejaa majina ya ng'ambo, wakati wilaya yake imetoa watu ambao dunia nzima inawatumia kama somo. Sisi tunawasifu watu hao. Kuwasoma, hatuwasomi.

Tumchukue John Stephen Akhwari, mtoto wa Mbulu aliyezaliwa mwaka 1938. Wengi wenu mnaijua hadithi yake, au mnadhani mnaijua. Ilikuwa tarehe 20 Oktoba 1968, mbio za marathoni za Olimpiki katika jiji la Mexico. Jiji lile liko juu, mita zipatazo 2,240 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Misuli ikamkaza Akhwari njiani. Kisha wakimbiaji wakagombania nafasi, akaanguka, akaumia vibaya goti na bega. Akafungwa bandeji, akainuka, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, jua limekwisha kuzama, watazamaji waliobaki ni wachache, akachechemea hadi kwenye mstari. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Hapo ndipo wahamasishaji wanapokatia hadithi. Watu wanapiga makofi, wanaambiwa wasikate tamaa, wanarudi nyumbani. Mimi naomba tusikatie hapo.

Katika mbio zile walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Miongoni mwa walioacha njiani alikuwamo Abebe Bikila, Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 na tena Tokyo mwaka 1964. Aliingia barabarani na mguu unaouma, akalazimika kutoka kabla ya nusu ya safari. Nani atathubutu kusema Bikila alikuwa mvivu au hakuwa na moyo? Kwa hiyo somo la Mexico haliwezi kuwa kwamba anayeacha ni mtu dhaifu. Kuna siku mwili unakataa, na mwenye busara anausikiliza.

Jambo la pili husahaulika zaidi. Miaka miwili tu baada ya Mexico, Akhwari alikwenda Edinburgh, Uskoti, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970. Alikimbia marathoni ile kwa saa 2 na dakika 15, akawa wa tano. Wa tano, ndugu zangu, mbele ya mabingwa wa nchi zenye viwanja, madaktari na makocha wengi kuliko tuliokuwa nao sisi. Yule mtu wa bandeji hakuwa msindikizaji aliyebahatika kupata moyo jioni moja. Alikuwa mkimbiaji wa daraja la juu aliyepatwa na ajali kazini, akarudi kwenye mazoezi, akakimbia tena vizuri. Uvumilivu tulioona usiku ule ulikuwa umejengwa kwa miaka, kwenye barabara ambazo hazikuwa na kamera.

Hicho ndicho ninachotaka kusema leo. Tabia inayompeleka mtu kwenye mafanikio, na inayomfaa kiongozi, hujengwa kabla ya makofi. Anayesubiri makofi ndipo aanze kujituma amechelewa.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Hamasa ya semina inaweza kukufikisha kilomita ya tano. Zinazobaki unazikimbia kwa yale uliyoyafanya alfajiri za miezi iliyopita: kuamka ukiwa hujisikii, kupanda kilima kile kile cha jana, kulala mapema wakati wenzako wako kijiweni, na kujipima kwa saa bila kujidanganya. Hili la saa nalisisitiza. Saa haijui wewe ni mtoto wa nani wala umesifiwa na nani. Ukikimbia polepole kuliko wiki iliyopita, itakuambia hivyo. Kazi nyingi za maisha yetu hazina saa ya namna hiyo, na ndiyo maana ni rahisi mtu kukaa miaka akiamini anasonga mbele. Mkulima wa vitunguu au ngano asiyeandika gharama zake anaweza kuuza mazao, akashika fedha nyingi mkononi, akashangilia, kumbe amepata hasara. Daftari la mapato na gharama ndiyo saa yake.

Tuvuke sasa kwenda Hanang. Gidamis Shahanga, kijana wa Katesh, hakuwa ametimiza miaka 21 alipokwenda Edmonton, Kanada, mwaka 1978. Akashinda dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola, akimwacha Jerome Drayton, Mkanada aliyekuwa akikimbia mbele ya watu wake mwenyewe. Miaka minne baadaye, huko Brisbane, Australia, alirudi akachukua dhahabu nyingine, safari hii mita 10,000. Mtu mwingine angefunga begi. Siku chache baadaye Shahanga aliingia tena kwenye marathoni, akaongoza pamoja na Mtanzania mwenzake Juma Ikangaa kwa mwendo mkali, wawili hao wakiwaacha wenzao mbali. Mwishowe Robert de Castella wa Australia aliwafikia na kushinda, Ikangaa akawa wa pili, Shahanga akarudi nyuma zaidi.

Mimi namheshimu Shahanga kwa mbio ile aliyoshindwa kama ninavyomheshimu kwa zile alizoshinda. Alikuwa tayari na medali ya kulinda. Hakuogopa kushindwa hadharani wiki ile ile aliyoshangiliwa. Kuna viongozi na wafanyabiashara wangapi ambao wakipata cheo kimoja au faida moja kubwa, maisha yao yote yanayofuata ni kuilinda sifa ile? Hawajaribu tena jambo gumu, wala hawakubali kukaa meza moja na anayeweza kuwazidi.

Na msidhani haya ni ya zamani. Gabriel Geay amezaliwa Tlawi, hapa hapa Mbulu. Desemba 2022 alikimbia Valencia, Hispania, kwa saa 2 na dakika 3 kamili, akawa wa pili. Aprili 2023, Boston, akawa tena wa pili nyuma ya Evans Chebet wa Kenya, na katika mbio hizo Eliud Kipchoge mwenyewe alikuwa wa sita. Kutoka Akhwari wa Edinburgh hadi Geay wa Valencia ni zaidi ya dakika 12 zimepunguzwa kwenye marathoni. Viatu vimebadilika, ujuzi umebadilika, mbio zenyewe zimebadilika. Kuamka alfajiri hakujabadilika.

Sasa mtaniuliza, mbio zinahusianaje na uongozi? Rudini kwenye jibu la Akhwari. Hakusema anafuata ndoto yake. Alisema ametumwa. Aliwaza waliomtuma, na akajiona ana deni kwao hata pale ambapo medali zilikwisha kugawiwa. Kwangu mimi huo ndio msingi wa uongozi. Kiongozi ni mtu aliyetumwa, na anayejua kwamba atarudi kueleza.

Wilaya hizi zina historia ya kuwadai waliotumwa. Mwaka 1960, nchi ikielekea kwenye uhuru, TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU, alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya Chifu Amri Dodo aliyepitishwa na chama, na wananchi wakamchagua Sarwatt. Hawakuwa wanapinga uhuru, na Sarwatt mwenyewe aliendelea kuwa mtu wa TANU ndani ya Baraza. Walitaka kumtuma waliyemchagua wao. Naona fahari katika jambo hilo, na nadhani watoto wetu shuleni wangefaidika kulijua.

Kwa Wabarbaig wa Hanang limekuwapo kwa muda mrefu baraza la wanawake lenye uwezo wa kumwita mwanamume aliyemdhulumu au kumdhalilisha mwanamke, kumhukumu na kumtoza faini ya ng'ombe. Wanaume waliliheshimu na walililipa. Wasichana wanaoambiwa kwamba uongozi wa mwanamke umeletwa na miradi ya juzi, waulizeni bibi zenu.

Na tazameni vikundi vya akiba vya VICOBA vya mama zetu. Sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, kwa sauti, kila mkutano. Anayechelewa analipa faini, awe mwenyekiti awe mwanachama wa jana. Mama aliyeendesha sanduku la namna hiyo kwa miaka bila shilingi kupotea amefuzu uongozi, hata kama hajawahi kuitwa kwenye semina. Mimi ningempa kijiji.

Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa vijiji na vitongoji kwa miaka mitano. Wengi waliahidi maendeleo. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe humo. Mtu yeyote mwenye miaka 18 anayeishi kijijini ni mjumbe wake. Hilo ndilo zoezi la alfajiri la mwenyekiti: halina muziki wala mgeni rasmi, na mara nyingi waliohudhuria ni wachache na wana maswali makali. Mwenyekiti anayeitisha mkutano huo kwa wakati, akasoma hesabu hata pale ambapo hazimpendezi, anajenga tabia itakayomfaa siku atakapopewa kata au jimbo. Anayeukwepa leo kwa kisingizio cha mvua au mavuno ataukwepa na kesho, kwa kisingizio kikubwa zaidi.

Lakini mkutano ule hauwezi kuwa mzuri kuliko wanaouhudhuria. Kwa hiyo nakugeukia wewe kijana uliyebandika karatasi ukutani. Ulizia kwa mtendaji wa kijiji chako tarehe ya mkutano wa robo hii. Kama haijapangwa, uliza kwa nini. Ukifika, keti mbele, beba daftari. Yakisomwa mapato, andika. Yakisomwa matumizi, andika. Ukiona pengo, nyanyua mkono uulize kwa heshima, umwite mzee kama anavyostahili kuitwa, lakini uulize. Andika jibu ulilopewa pamoja na tarehe. Mkutano unaofuata uende na daftari lile lile.