YATIMA HADEKI, LAKINI SISI TUNA MIDOMO

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Haya ni maneno yaliyosomwa kwenye kikao cha tawi Jumapili iliyopita. Kwa kuwa wengi walikuwa shambani na wengine safarini, kamati imeona iyatume hapa kama yalivyosomwa. Tunaomba uyasome mpaka mwisho.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana,

Mwaka jana tulikwenda kwenye kituo cha kulelea watoto yatima kule mjini. Tulichanga, tukanunua mchele, sukari, sabuni na madaftari. Tulivaa fulana za chama, tukapiga picha, tukazituma kwenye kundi hili hili. Lilikuwa jambo jema na hatulijutii. Waliotoa, Mungu awazidishie.

Lakini wakati tunapiga picha kule mjini, hapa kijijini kwetu walikuwapo watoto watatu wa mwenzetu. Marehemu alikuwa mwanachama wa tawi hili na alitushikia daftari la mahudhurio kwa miaka mingi. Mkewe alikuwa ametangulia. Siku ya msiba tulijaa pale nyumbani. Tulibeba jeneza, tulitoa rambirambi, tulilala matanga.

Miezi michache baadaye shamba la minazi alilowaachia watoto likauzwa. Kila mtu alijua. Tulimwona mnunuzi akipita na kamba kupima mipaka. Baadhi yetu tuliitwa kuwa mashahidi wa mauziano, tukatia sahihi. Hatukuuliza hata swali moja: je, watoto wamebaki na nini? Tulijiambia kuwa hayo ni mambo ya ukoo, na mgeni haingilii ya wenyewe.

Leo yule mtoto mkubwa, msichana, haendi tena shule. Anauza maandazi stendi. Tukipita tunamnunulia mawili, tunamwambia, "Pole mwanetu, jikaze." Tukiondoka tunajiona tumemhurumia.

Ndugu zetu, wahenga walisema yatima hadeki. Mtoto mwenye wazazi akinyimwa haki yake hulia, na baba huvaa viatu akaenda shuleni kuuliza. Akidhulumiwa, mama yake atapiga kelele mpaka kitongoji kizima kisikie. Yatima amepoteza wa kumlisha, na pia amepoteza wa kumsemea. Mchele wetu uliziba pengo la kwanza kwa siku chache. Pengo la pili hatukuligusa, na ndilo lililoondoka na shamba.

Tusiseme hatukuwa na njia. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto kunufaika na mali iliyoachwa na mzazi wake. Sheria hiyo hiyo inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa wake. Maana yake, sheria haikutuachia kuchagua kama tunapenda kusema au hatupendi. Imetupa wajibu, nasi hatukuutimiza.

Katiba yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Haki hizi tumezoea kuzikumbuka wakati wa uchaguzi na wakati sisi wenyewe tumebanwa. Mtoto wa miaka kumi hapigi kura wala haruhusiwi kupiga kura kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Akisemewa, atasemewa na sisi wenye miaka 18 na zaidi. Tukinyamaza, yeye hana mkutano mwingine wa kwenda.

Na kusema si kutukana wala kumvamia mtendaji ofisini. Ni kuuliza kwa adabu, mbele ya watu, swali ambalo lazima lijibiwe na liandikwe kwenye muhtasari. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 ilifuta ada katika shule za serikali mpaka kidato cha nne. Lakini sare, madaftari na chakula bado vinahitaji mtu. Ni nani anayejua ni yatima wangapi wa kijiji hiki wamekwama hapo? Swali hilo hatujawahi kulisimamisha kwenye mkutano, na mikutano tunahudhuria.

Wapo wenzetu waliosema kikaoni: mbona tunaianika aibu ya tawi? Mmoja wa waliouza ni mwanachama wetu, na mashahidi ni sisi. Tunawaelewa. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua. Tukiwa hodari wa kusema makosa ya wengine na mabubu kwa makosa yetu, hakuna atakayetusikiliza. Tena yatima hana kadi ya chama chochote. Tukimsemea kwa ajili ya kura, tutakuwa tumemdhulumu mara ya pili.

Kwa hiyo kikao kimekubaliana haya:

*1.* Katibu wa tawi pamoja na wenzetu waliotia sahihi mauziano yale watafika kwa ofisa ustawi wa jamii kueleza walichoshuhudia, kabla ya mwisho wa mwezi huu.

*2.* Kwenye mkutano mkuu wa kijiji ujao tutaomba ajenda ya hali ya watoto yatima iwemo. Majina ya watoto hayatatajwa hadharani. Wao si wa kuoneshwa.

*3.* Kila kitongoji kitateua wanachama wawili. Panapotokea msiba wenye watoto wadogo, watabaki na familia baada ya matanga: kufuatilia cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na kuhimiza mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo kabla mali haijaguswa.

*4.* Mwanachama yeyote akiitwa kushuhudia uuzaji wa mali ya marehemu, aulize kwanza: msimamizi wa mirathi ni nani, na watoto wako wapi? Asipojibiwa, asitie sahihi.

*5.* Ukiona mtoto anateswa na huna pa kuanzia, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure.

Safari ya kituoni mjini tutaifanya tena mwaka huu, tukijaliwa. Mchango ni ule ule. Ila safari hii simu zibaki mifukoni.

Ndugu wanachama, hatujui kama shamba lile litarudi. Hilo liko mikononi mwa vyombo vya sheria. Tunachojua ni kwamba yule binti anatufahamu wote kwa majina, na kila asubuhi anatuona tukipita. Tunataka siku moja tupite pale tukiwa na jambo la kumwambia zaidi ya pole.



_Kamati ya Utendaji ya Tawi_

Tafadhali msomee na mwanachama asiye na simu.