Kozi Wageni na Miti Walalapo

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za ndege wageni, na jinsi ya kuwahesabu mahali walalapo.

Baridi ya theluji ikaribiapo Ulaya na Asia, wadudu huadimika huko, na ndege wengi wawindao husafiri kuja Afrika. Mmoja wao ni kozi mdogo, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu kama tofali na kichwa cha kijivu. Mchana hutawanyika mbugani kuwinda panzi, nzige na kumbikumbi. Jioni hukusanyika makundi kwa makundi kulala juu ya miti mirefu, kama vile mikaratusi. Wengi wetu humwita mwewe, mwizi wa vifaranga, wakamtupia mawe. Kumbe chakula chake hasa ni wadudu, na baadhi yao hula mazao yetu.

Basi, tuseme tupo Lemara, mjini Arusha, nasi tumeona kundi likizunguka juu ya mikaratusi. Yatupasa kufika saa kumi na moja jioni, tusimame wawili mbali na miti, mmoja upande huu na mwenzake upande wa pili. Kila mtu ahesabu waingiao kwa upande wake, kumi kumi, na watokao awatoe katika hesabu. Tusiondoke mpaka giza liingie. Kisha tuandike tarehe, saa, hali ya hewa, aina ya miti na idadi. Baada ya majuma mawili turudi tena, kwa maana ndege wa safari leo ni wengi, kesho hawapo.

Kwa nini taabu hii? Mahali walalapo ndipo ndege wa mbuga nzima wawapo pamoja. Ndipo wawezapo kuhesabiwa, na ndipo wawezapo kuangamizwa. Mwaka 2012, huko Nagaland katika nchi ya India, kozi wa Amur, ambao nao huja Afrika, walinaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu. Habari zilipoenea, wanavijiji wakaacha kuwanasa, na mwaka 2013 wakawa walinzi wao.

Nasi tukiwa na hesabu, tutaweza kumwambia mwenye shoka ni wageni wangapi watakaokosa malazi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.