Saa Isiyotazamiwa



Leo tulikuwa tumetayarisha fundisho juu ya amri ya nne. Tumeliweka kando, na sababu ni hii. Juma lililopita mama mmoja alitungoja mlangoni pa kanisa mpaka watu wote walipokwisha kutoka. Mume wake alipanda mchikichi kukata ngazi, kamba ikakatika, akaanguka, akavunjika mguu na kuumia kiuno. Asubuhi alikuwa mtu mwenye nguvu. Jioni hakuweza kugeuka mkekani. Ndugu zake walianza kukusanya fedha ili waende kwa mfumu, apige ramli, ajulikane ni nani aliyeikata ile kamba. Mama akatuambia, «Mwalimu, mmetufundisha tusiende kwa mfumu. Vema. Basi nimwulize nani?»

Twakiri kwamba siku ile hatukumjibu vizuri. Tulimwambia asali. Neno hilo ni la kweli, lakini tulilisema upesi, kama mtu afungaye mlango. Leo twataka kumjibu mbele yenu, maana swali hilo si lake peke yake. Kila nyumba imekwisha kuijua saa ya namna hiyo, saa isiyotazamiwa na mtu, ambayo baada yake maisha hayarudi yalipokuwa.

Ninyi mkaao karibu na Lualaba mwaijua Nyangwe. Zamani palikuwa na soko kubwa, na wanawake walivuka mto kwa mitumbwi wakileta samaki, chumvi, mawese, vyungu na kuku. Siku ya tarehe 15 Julai, mwaka 1871, watu kama 1,500 walikuwa wamekusanyika pale. Jua lilikuwa kali. Watu watatu wenye bunduki, wa kundi la mfanyabiashara aliyeitwa Dugumbe, waliingia sokoni, na mmoja wao akaanza kushindana na mwuzaji juu ya bei ya kuku. Kuku mmoja, wasikilizaji! Mara bunduki zikalia. Watu wakakimbilia mitumbwini. Mitumbwi ikasongana katika kijito, isiweze kutoka. Wengi wakajitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Sasa tuulize kama wanavyouliza ndugu za yule mgonjwa: ni nani aliyeileta saa hiyo? Jibu lajulikana bila ramli. Waliileta watu wenye bunduki, na dhambi ni yao. Tusithubutu kusema kwamba Mungu aliwatuma. Twasikia mara nyingi matangani mtu akisema, «Ni mapenzi ya Mungu,» naye anasema hivyo juu ya kazi ya mwizi au ya mwuaji. Mungu huruhusu mengi asiyoyapenda, kwa sababu ametuumba wenye hiari. Lakini mkono uliofyatua bunduki ulikuwa mkono wa mtu.

Palikuwa na mgeni mmoja sokoni siku ile, mzee David Livingstone, mzaliwa wa Uskoti. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini yafaa tumtaje. Alikuwa amekaa Nyangwe zaidi ya miezi mitatu akitafuta mitumbwi ya kushuka Lualaba, apate kujua kama mto huu ndio Nili. Wenyeji hawakumpa, maana walimdhania kuwa sawa na wale wawindao watumwa. Alipoona mauaji yale, wazo lake la kwanza lilikuwa kuwapiga wauaji kwa bastola yake, Dugumbe akamzuia. Baada ya siku chache aliiacha safari aliyoitamani miaka mingi, akarudi kwa miguu mpaka Ujiji, mgonjwa na maskini. Huko Stanley akamkuta mwaka ule ule, akazichukua barua zake. Habari za Nyangwe zikasomwa Ulaya mwaka 1872, zikawatia watu uchungu na hasira, zikaongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mto hakuumaliza, wala hakujua kamwe kwamba Lualaba ni mto Kongo. Lakini alichokiona kwa macho yake hakukificha.

Twajua, hilo halikuwafufua wanawake wa Nyangwe. Wala katika Maniema yetu taabu haikwisha mwaka ule. Wazee wetu walizidi kupelekwa kwa njia ya Kabambare mpaka ziwa Tanganyika kwa miaka mingine mingi. Tusiifanye habari kuwa tamu kuliko ilivyokuwa.

Ng'ambo ya ziwa lile, huko Karema, alikaa mtu mwingine ambaye makatekista wote wangepaswa kumjua: Adriano Atiman. Alizaliwa mbali sana, upande wa Timbuktu. Angali mtoto, Watuareg walimkamata wakampeleka jangwani, akauzwa kama mbuzi. Huko Aljeria Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Wakamsomesha, wakampeleka kisiwa cha Malta ajifunze uganga wa hospitali, na mwaka 1889 akafika Karema, katekista na mganga. Akaoa mwanamke wa nchi ile. Mwana wao Yosefu akawa padri. Adriano aliwatibu watu wa Karema mpaka alipokufa mwaka 1956. Hesabuni wenyewe: miaka 67.

Maisha yake yalikuwa na saa mbili zisizotazamiwa. Ya kwanza ilikuwa wizi. Ya pili, mtu alilipa fedha kwa ajili ya mtoto asiye wake. Wala hatusemi kwamba Mungu alipanga mtoto aibwe ili Karema ipate mganga. Mama yake aliyelia huko nyumbani asingeyapokea maneno hayo, nasi pia hatuyapokei. Twasema tu kwamba palipokuwa na ubaya, mtu alipita na akasimama.

Hata Paolo Mtakatifu, alipoangushwa njiani kwenda Damasko, hakuinuka akiwa mtume tayari. Aliinuka kipofu. Walimshika mkono kama mtoto, akakaa siku tatu bila kula, mpaka Anania alipokuja kwake, naye Anania alikuwa akiogopa. Sisi hupenda kuhubiri habari ya ile nuru, na Anania tunampita mbio.

Mtuwie radhi tukitaja habari ndogo ya kwetu wenyewe. Tulipokuwa kijana tulikuwa tumekwisha kufunga mzigo tuende Namoya na wenzetu wawili kuchimba dhahabu. Jumapili asubuhi tulikwenda kwa katekista mzee kumwomba baiskeli yake tu. Tulimkuta akitetemeka kwa homa chini ya blanketi. Watu walikuwa wamekwisha kuketi kanisani, na padri hayupo. Mzee hakutujibu neno juu ya baiskeli. Alitutolea kitabu cha sala akasema, «Wewe wajua kusoma. Nenda.» Tulisoma vibaya, tukiruka mistari. Jumapili ya pili homa ilikuwa ingali, tukasoma tena. Wenzetu wakaondoka bila sisi. Mmoja wao leo ana nyumba ya mabati, na yetu ingali ya nyasi. Mke wetu hutukumbusha hayo wakati wa mvua. Mwingine hakurudi, wala mama yake hajui alipozikwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba tulichagua kwa akili. Tulikuwa tumetaka baiskeli.

Tena tusidhani kwamba anayejibu vema katika saa hiyo huokoka. Mnapotoka Kabambare kuelekea mashariki mwafika nchi ya Fizi. Mwaka 1964, wakati wa maasi, tarehe 28 Novemba, Padri Luigi Carrara alikuwa katika kanisa la Baraka akisikiliza maungamo. Nje, waasi walifika kwa gari wakamwua mwenzake, Bruda Vittorio Faccin. Padri aliposikia bunduki alitoka. Wakamwamuru apande gari waondoke naye. Akakataa, alitaka, ikiwa ni kufa, afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti karibu na maiti, nao wakamwua pale pale. Siku ile ile, huko Fizi, wakauawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri mjini Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Padri Carrara aliingia kanisani kwa kazi ya kila siku. Kati ya kiti cha maungamo na mlango ni hatua chache tu, na katika hatua hizo hakuwa na nafasi ya kuuliza ni nani aliyeileta saa ile.

Basi mama, ikiwa watusikiliza: kamba ya mchikichi huoza kwa mvua na jua. Hakuna aliyeikata. Fedha ile waliyoikusanya ndugu, waipeleke hospitalini, mguu upate kuungwa kabla haujapinda. Tumekwisha kusema na mkubwa wao, naye ameomba siku mbili za kufikiri. Mpunga wenu unaiva, na mume wako hawezi kusimama. Tumeagana na vijana wa kanisa kwamba Jumamosi asubuhi, umande ukikauka, tutakwenda kuuvuna. Atakaye kuja aje na kisu chake na kikapu, wala asingoje kuitwa kwa jina. Fundisho la amri ya nne tutalisoma juma lijalo.