Tujue Habari za Simu Kabla ya Kununua
(Hotuba kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano, Mkomaindo, Masasi)



Kila mwaka kampuni za simu duniani hukutana Barcelona, Hispania, kuonyesha simu na mitandao mipya. Mkutano huo u mbali, lakini matokeo yake hufika madukani Masasi na Newala, hasa msimu wa korosho, fedha zinapokuwa mkononi. Jina la simu mpya likishavuma, waigaji nao hawakawii.

Mtakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini: aliyenunua kwa jasho lake alibaki na simu isiyopiga wala kupokea.

Kwa hiyo tunawasihi mfuatilie habari hizi redioni na magazetini. Na kabla ya kulipa, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15, ndiyo namba tambulishi. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, kisha linganisha jibu na simu uliyoishika. Uliza pia kama inapokea mtandao wa 4G, na udai risiti na waranti. Muuzaji akikataa ukaguzi, mrudishie simu yake.

Korosho husubiriwa mwaka mzima; ukaguzi huu ni wa dakika chache.