Sikio la Tunguu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Karatasi zenu ziko mbele yenu. Asiyeweza bado kusoma upesi asione haya. Asikilize kwanza, kisha atasoma polepole na mwenzake.

Nina kazi ndogo ya kuwapa. Kipindi kikiisha, mwalimu aichukue redio yenye masafa mafupi, ageuze kifundo taratibu mpaka afike mahali pasipo na stesheni yo yote. (Msigeuze sasa, maana mtanipoteza!) Mtasikia mvumo: shhhh. Wengi husema redio imeharibika. Haikuharibika. Sehemu ya mvumo ule hutoka kwenye radi za mbali, sehemu hutoka kwenye vyombo vya umeme vya jirani, na sehemu hutoka mbinguni hasa, katika ule ukanda mweupe wa nyota tunaouona usiku wa giza. Mmarekani mmoja, Karl Jansky, alitangaza habari hiyo mwaka 1933. Tangu hapo wataalamu wamesimamisha antena kubwa kubwa ili kuzisikiliza nyota, kama sisi tulivyozoea kuzitazama.

Antena ni nini? Mwalimu, tafadhali liandike neno hilo ubaoni. Antena ni ule mti wa chuma au waya unaopokea mawimbi ya redio. Mafundi wa zamani huiita eriali. Ni sikio la mtambo.

Leo nataka kuwaeleza juu ya sikio moja lililokuwa karibu nasi sana, ng'ambo ya maji tu, kule Tunguu katika kisiwa cha Unguja. Halikusikiliza nyota. Lilisikiliza watu waliokuwa wakipita angani.

Nilikwenda Tunguu na wazee wawili. Wote wawili walifanya kazi ya mitambo ya redio na simu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sasa wamestaafu. Mmoja anakaa Temeke, mwingine Kinondoni. Hawakutaka majina yao yatajwe redioni, basi nitawaita Mzee wa Temeke na Mzee wa Kinondoni. Huyu wa Kinondoni kwao hasa ni Unguja, na mwaka 1962 alikuwa mtoto wa miaka 11.

Tulivuka kwa boti, tukapanda daladala mjini, tukashuka Tunguu. Siku hizi pale ni mahali pa wasomi, kuna vyuo vikuu. Msichana mmoja mwanafunzi alituona tumesimama chini ya mwembe, akatusalimu, "Shikamooni." Tukaitikia. Akauliza, "Mmepotea, babu? Mnatafuta nini?" Mzee wa Kinondoni akamjibu, "Tunatafuta sikio, mwanangu." Yule msichana akacheka. Tulipomweleza akasema hajapata kusikia habari hiyo hata mara moja, naye yuko pale mwaka wa tatu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1960 Unguja na Pemba zilikuwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza. Marekani walikuwa wakijiandaa kumpeleka mtu angani, katika kazi waliyoiita Mercury. Wakapatana na serikali ya Uingereza wajenge kituo Unguja. Shirika lao la mambo ya anga, NASA, likajenga vituo vya namna hiyo kuizunguka dunia, 18 kwa jumla, na viwili kati ya hivyo vilikuwa ndani ya meli. Barani Afrika kimoja kilikuwa Kano, huko Nigeria, na kingine ni hiki cha Tunguu.

Labda mtu atauliza: kwa nini vituo vingi hivyo? Je, kimoja hakitoshi? Mzee wa Temeke alinieleza vizuri, nami nawaelezeni kwa maneno yake. Nenda usimame Kivukoni utazame jahazi linalotoka. Kwanza mwili wake unazama, halafu tanga, kisha huoni kitu. Jahazi halikuzama. Dunia ni mviringo, imelificha. Mawimbi ya redio waliyoyatumia kusemezana na chombo kile nayo huenda moja kwa moja kama macho yetu. Chombo kikishuka chini ya upeo wa macho, sauti inakatika.

Sasa fikirini mwendo wake. Chombo kile kilikwenda kiasi cha kilomita 28,000 kwa saa moja. Ukitamka neno "moja", kimekwisha kwenda karibu kilomita 8. Kutoka Posta mpaka Mwenge ni sekunde moja na kidogo, na sote twajua basi linachukua muda gani! Kwa hiyo kila kituo kilikipata kwa dakika chache tu, sita au saba hivi, kikampokeza mwenzake. Kano, kisha Tunguu, kisha meli katika Bahari ya Hindi, kisha Australia.

Tunguu hapakuwa na roketi. Palikuwa na antena na mitambo ya kupokea habari, na redio ya kuzungumza na mtu aliye juu. Palikuwa na daktari pia. Vipande vidogo vilibandikwa kifuani mwa mwanaanga, mapigo ya moyo wake yakageuzwa kuwa mawimbi ya redio, na chini huku kalamu ikayachora juu ya karatasi. Daktari alikaa Unguja akimpima mgonjwa asiyeweza kumgusa. Nasema mgonjwa, lakini alikuwa mzima. Ndilo jambo walilotaka kulijua.

Siku kubwa ilikuwa tarehe 20 Februari 1962. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia angani, alirushwa kutoka Florida. Yuri Gagarin wa Urusi alikuwa amekwisha kumtangulia mwaka 1961. Kwetu saa ilikuwa 11 na dakika 47 jioni. Kabla ya saa 12 na nusu alikuwa amekwisha ivuka Afrika yote na kupita Unguja, akiongea na watu wa Tunguu. Akavuta mpira aliopewa wa kufanyia mazoezi, ili waone moyo wake unavyokwenda.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana mimi mwenyewe lilinishangaza. Siku ile ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani. Watu wa Unguja walikuwa wamefunga, futari iko jikoni, wanangoja magharibi. Glenn alikuwa akienda mashariki kwa mwendo ule niliowaambia. Dakika chache baadaye, juu ya Bahari ya Hindi, akaliona jua linatua. Yule aliyepita kichwani mwao aliiona magharibi kabla yao, nao bado wanaangalia saa.

Mwaka uliofuata, Mei 1963, alipita Gordon Cooper, aliyeizunguka dunia mara 22. Alipokuwa juu ya Afrika, akipita Zanzibar, alitoa salamu kwa redio kwa viongozi wa Afrika waliokuwa wakikusanyika Addis Ababa, katika mkutano ule uliozaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Basi kwa nini kituo hakikudumu? Hapa ndipo wazee wangu walipogombana, na nusura niwaamue.

Kituo kilikuwa na wapinzani tangu mwanzo. Zilikuwa siku za ugomvi mkubwa kati ya Marekani na Urusi. Watu waliambiana kwamba pale Tunguu ni kambi ya maroketi, na vita vikianza bomu la kwanza litaanguka Unguja. Tarehe 10 Desemba 1963 Zanzibar ikapata uhuru. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na Wamarekani wengi wakaondolewa kwa meli. Mwezi wa Aprili serikali ya Mapinduzi ikataka kituo kiondoke. Kikaondoka. Kazi ikahamia Madagaska, na huko nako kituo kikafungwa mwaka 1975.

Mzee wa Temeke alisema, "Hasara tupu. Vijana wetu wangejifunza kazi pale. Chombo cha kusikiliza kimeogopwa kama bunduki!"

Mwenzake akamjibu, "Bwana wee, wewe fundi. Je, antena inachagua cha kusikia?"

Mzee wa Temeke akanyamaza kidogo. Kisha akakubali kwamba haichagui. Inayosikia moyo wa mtu yaweza kuelekezwa isikie na mengine.

"Basi baba yangu hakuwa mjinga," akasema Mzee wa Kinondoni. "Aliogopa, ndiyo. Lakini nani alimweleza? Mapatano yalifanywa na wakubwa wa Uingereza na Marekani. Yeye alikuwa mkulima wa minazi, akaamka akaona nguzo."

Mimi naona kituo kile hakikuwa silaha, na safari zile zilitangazwa duniani kote mchana kweupe. Lakini siwezi kumlaumu mtu aliyejengewa kitu kijijini kwake bila kuulizwa, akakidhania vibaya. Mzee wa Temeke hakukubaliana nami. Alisema, "Hofu si hoja," akaenda kununua madafu. Akarudi na matatu, nikajua hasira imepoa.

Wakati wa kurudi tulikaa nje katika boti, upande wa machweo. Mzee wa Kinondoni alikuwa ameshika karatasi niliyomwandikia saa zile za mwaka 1962. Akaisoma mara mbili. Akasema jioni ile anaikumbuka kama Ramadhani yo yote: ametumwa maji kisimani, baba yake ameketi barazani anatazama jua. "Alifariki mwaka 1981," akasema. "Mpaka anakufa alijua lilikuwa bomu. Hakujua kwamba alipokuwa akingoja futari, pale jirani watu walikuwa wakisikiliza moyo wa mtu."

Wanafunzi, someni sasa somo hili wenyewe kwa wenyewe, mistari mitano kila mtu. Halafu zungumzeni: kama watu wangekuja kesho kusimamisha mtambo mkubwa Mbagala au Kigamboni, mngewauliza nini kabla hawajaanza kuchimba? Andikeni maswali matatu katika madaftari yenu, na mwalimu ayasome kwa sauti. Wiki ijayo tutajifunza kupima urefu wa mnazi kwa kivuli chake. Kila darasa lilete kamba na fimbo moja. Kwaherini.