KUONDOKA, KUKAA NA KURUDI: HADITHI FUPI ZA WATU WALIOHAMA

Ndugu wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, wa Karagwe na wa Kyerwa! Mwalimu wa darasa na aongeze sauti ya redio kidogo, ili hata walioketi nyuma wasikie. Haya, tuanze.

Katika somo lililopita tulijifunza kuandika barua. Mnakumbuka jinsi barua zetu zinavyoanza: "Mimi huku sijambo, hofu ni kwako wewe uliye mbali." Aliye mbali huandika hivyo, na aliye nyumbani hujibu hivyo hivyo. Lakini je, ni kweli kwamba wote wawili hawajambo? Mara nyingi barua huficha. Mwana hamwambii mama kwamba analala njaa. Mama hamwambii mwana kwamba sehemu ya kibanja imeuzwa.

Leo nitawaeleza habari za maandishi yanayosema yale yanayoachwa na barua. Ni hadithi fupi zilizoandikwa na watu waliohama nchi zao.

Hadithi fupi ni nini? Ni hadithi yenye watu wachache na jambo kuu moja, nawe unaweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Watu wake huwa wa kubuniwa, lakini mambo yao ni ya kweli katika maisha. Na kuhama sisi tunakujua. Wazee wetu walivuka Mto Kagera kwenda Buganda kutafuta kazi katika mashamba ya kahawa na pamba. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walikuja kwetu. Basi tumehama, na tumehamiwa.

Hadithi ya kwanza ni ya kuondoka. Mwandishi wake ni M.G. Vassanji. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam. Asili ya ukoo wake ni Bara Hindi. Yeye naye alihama, akaenda Marekani kusoma, na mwaka 1978 akahamia Kanada. Huko aliandika kitabu cha hadithi fupi, akakiita Uhuru Street, yaani Mtaa wa Uhuru wa Dar es Salaam. Tazameni: mtu yuko katika nchi ya theluji, na moyo wake unatembea Dar es Salaam!

Katika kitabu hicho mna hadithi ya mama mjane aliyelea watoto wake kwa kazi ya duka. Kijana wake ni hodari shuleni. Anapata nafasi katika chuo kikuu cha Marekani. Majirani wangesema, "Bahati iliyoje!" Lakini mama anaogopa. Anajua kwamba akimzuia, atamharibia maisha yake. Na akimruhusu, huenda asimpate tena. Mwisho anamruhusu. Hadithi hii haimsifu tu aliyepata masomo. Inatuonyesha pia gharama iliyolipwa na mama.

Hadithi ya pili ni ya kukaa ugenini, nayo inatoka mbali sana. Kuna nchi ya visiwa katika Asia iitwayo Ufilipino. Ilitawaliwa na Marekani tangu mwaka 1898 hata mwaka 1946, na watu wake wengi walikwenda Marekani kufanya kazi za mashamba. Mwandishi wao mmoja, Bienvenido Santos, aliandika hadithi ya mkulima wa Kifilipino aliyekaa Marekani zaidi ya miaka ishirini. Ana mke Mmarekani, ana mwana, ana shamba la matufaha. Siku moja anasikia kwamba Mfilipino mwenzake amekuja mjini kutoa hotuba. Anasafiri kwenda kumsikiliza, kisha anauliza swali moja tu: Je, wanawake wa kwetu wangali kama walivyokuwa zamani? Nyumbani kwake ameweka picha ya mwanamke aliyevaa nguo za Ufilipino. Picha imefifia, na mwanamke yule hata yeye hamjui. Kwa nini basi anaitunza? Kwa sababu hana kitu kingine kilichomkumbusha kwao.

Hadithi ya tatu ni ya kurudi, nayo inatoka kwa jirani zetu wa Uganda. Mwandishi ni Jennifer Nansubuga Makumbi, aliyezaliwa Kampala akahamia Uingereza. Mwaka 2014 hadithi hii ilipata tuzo ya hadithi fupi ya nchi za Jumuiya ya Madola. Mwaka 2019 ilichapwa katika kitabu chake kiitwacho Manchester Happened, chenye hadithi za Waganda wanaokaa Uingereza na wa wale waliorudi kwao.

Mwanamke aitwaye Nnam anafiwa na mumewe huko Manchester. Anasafiri na jeneza pamoja na wanawe hadi Uganda. Mume alimwambia kwamba mambo yake na mke wa kwanza yalikwisha zamani. Kumbe hayakwisha! Anapofika, Nnam anajikuta mgeni katika msiba wa mumewe mwenyewe. Mke wa kwanza na jamaa wameshika mazishi yote, na Nnam anatazamwa kama mwizi wa mume. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini matangani linafika kundi la wanawake, nao wanadai kwamba kisa kisimuliwe sawasawa, pande zote mbili zisikike.

Ndugu zangu, neno hilo ndilo somo la leo: kisa kisimuliwe sawasawa. Uongo wa Kayita, yule mume, haukuanza matangani. Ulikua miaka mingi kwa sababu walio mbali na walio nyumbani hawakuambiana kweli. Nyumba ngapi katika vijiji vyetu zimejengwa kwa fedha za aliye mbali, naye hajui ni nani analala ndani yake?

Siku moja nilitembelea darasa moja. Mama mmoja alinionyesha daftari lake, akaniambia: "Mwanangu, mtoto wangu yuko mbali mwaka wa sita sasa. Barua zake nilisomewa na jirani. Sasa nitasoma mwenyewe, hata yale jirani aliyokuwa akiyaruka." Nilimwambia, "Mama, na siku moja utamjibu mwenyewe, hata yale uliyokuwa ukiyaficha."

Basi hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma na kuandika. Msidhani hadithi ni mali ya wenye vyuo tu. Kila mmoja wenu anaye mtu aliyeondoka, au yeye mwenyewe aliondoka akarudi. Kisa hicho ni chako.

Sasa zungumzeni darasani maswali haya:

1. Mama wa Mtaa wa Uhuru alifanya vema kumruhusu mwanawe? Toeni sababu.
2. Mkulima Mfilipino alikuwa na shamba na jamaa. Alikosa nini?
3. Ni nani aliyemkosea Nnam: mumewe peke yake, au na wengine waliojua wakanyamaza?

Kazi ya nyumbani: andika sentensi tano juu ya mtu unayemjua aliyehama. Usiandike kwamba hajambo tu. Andika kweli.